Dola Tatu kwa Kila Elfu Kumi



Mada niliyopewa ni pana kama bahari: mbunge na fedha za miundombinu, mbunge na kodi, mbunge na usimamizi wa masoko ya fedha. Mada ya namna hii mtu anaweza kuizungumza saa nzima akashuka jukwaani hajasema kitu. Kwa hiyo nimemchagua mbunge mmoja tu, tena wa mbali, nifuate hoja zake na mahali pengine nibishane naye. Ni Peter DeFazio wa jimbo la Oregon nchini Marekani, Mdemokrati aliyekaa katika Baraza la Wawakilishi miaka 36, tangu Januari 1987 hadi Januari 2023.

Wengi wenu mnalisikia jina hilo leo kwa mara ya kwanza, ingawa kazi yake iliwahi kutufikia huku. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka Machi 10, 2019 ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi iliua watu wote 157 waliokuwamo. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa taifa lingine lolote. Kamati ya Bunge la Marekani iliyoichunguza Boeing na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo kuhusu ndege za 737 MAX ndiyo aliyoiongoza yeye, Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu. Ripoti yake ya Septemba 2020 ilisema bila kumung'unya maneno kwamba mamlaka ilikuwa imemwachia mtengenezaji ajikague mwenyewe katika mambo mengi mno. Hapo ndipo penye tabia ya mtu huyu. Hakuamini hata siku moja kwamba mwenye kutafuta faida atajisimamia akiachwa peke yake, awe anaunda ndege au anauza hisa.

Tuanze na barabara.

Marekani ina mfuko maalumu wa barabara kuu ulioanzishwa mwaka 1956, zama za Rais Eisenhower, ilipoamuliwa kujenga mtandao wa barabara za kuunganisha nchi nzima. Mantiki yake ni nyepesi: anayetembeza gari ndiye alipie barabara, na mahali pa kumkamatia ni kwenye pampu ya mafuta. Watu wa Oregon hujivunia kwamba wao ndio walioanza. Mwaka 1919 walitoza senti moja kwa galoni, jimbo la kwanza kufanya hivyo. Tozo ya serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni ya petroli na 24.4 kwa dizeli, na viwango hivyo vinatumika tangu mwaka 1993. Kijana aliyezaliwa mwaka huo sasa ana watoto wanaokwenda shule, na tozo haijasogea hata robo senti. Lami imepanda, chuma kimepanda, saruji imepanda, ujira wa dereva wa greda umepanda. Magari nayo yanakwenda mbali zaidi kwa mafuta machache zaidi, jambo jema kwa hewa tunayoivuta, ila kila maili inaleta senti pungufu kwenye mfuko.

Tangu mwaka 2008 mfuko huo umekuwa ukiishi kwa kuchotewa fedha za Hazina. Mwaka ule ulipewa dola bilioni 8, na watu walidhani ni dharura ya mara moja. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilihamisha bilioni 118 kwa mpigo.

Mwaka mmoja kabla ya kuchotewa huko kwa kwanza, daraja lilianguka. Agosti 1, 2007, saa za watu kutoka kazini, daraja la barabara ya I-35W juu ya Mto Mississippi mjini Minneapolis liliporomoka na watu 13 wakafa. Mwenyekiti wa kamati wakati ule, Jim Oberstar, aliyekuwa anatoka jimbo hilohilo la Minnesota, alipendekeza senti 5 za ziada kwa galoni kwa ajili ya madaraja mabovu. Serikali ya Rais Bush ilikataa. Maiti zilikuwa zimeopolewa mtoni, na bado senti 5 hazikupatikana. Nawaombeni mlikumbuke hilo kila mnapomsikia mwanasiasa akisema wananchi watakubali kulipa wakishaona hatari kwa macho yao.

DeFazio, ambaye wakati ule aliongoza kamati ndogo ya barabara kuu, alikuja baadaye na hesabu nyingine. Kwa nini tugombanie senti 5 au 10 kwa siku moja? Tuifunge tozo na mwendo wa gharama za ujenzi ili ipande yenyewe, tuiwekee ukomo wa senti 1.5 kwa mwaka, kisha nyongeza hiyo iwe dhamana ya hatifungani za miaka 30. Kwa njia hiyo, alisema, nchi ingeweza kupata kiasi cha dola bilioni 500 na kuanza kujenga leo, badala ya kungoja kujenga kidogo kidogo wakati nyufa zinapanuka.

Wenzetu wa Kenya hapa wanatabasamu, maana jambo hili si geni kwao. Tozo ya matengenezo ya barabara kwenye kila lita ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 mwezi Julai 2024, na mwaka uliofuata serikali ikaziweka rehani shilingi 7 kati ya hizo ili ipate bilioni 175 za kuwalipa makandarasi waliokuwa wanadai. Chombo ni kilekile, kuuza leo mapato ya kesho. Ila DeFazio alitaka kuuza mapato ya kesho ili apate barabara ya kesho. Kenya iliyauza ili ilipie barabara ya jana. Siwalaumu moja kwa moja. Mkandarasi asiyelipwa hufunga mitambo, na vibarua wake hulala njaa. Lakini mwanafunzi wa uchumi asiyeona tofauti kati ya mikopo hiyo miwili arudie mwaka.

Hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na mheshimiwa. Tozo ya mafuta humwumiza zaidi asiye na kitu. Haijui kama gari ni la kifahari au ni pikapu ya mkata magogo wa Roseburg, mji wa mbao katika jimbo lake la uchaguzi, ambako viwanda vya mbao vilifungwa kimoja baada ya kingine na mtu huendesha umbali mrefu kwenda kutafuta kibarua. Kwetu huku tozo ya mafuta hailipwi na mwenye gari peke yake. Inapanda daladala, inapanda bodaboda, inaingia kwenye bei ya nyanya sokoni. DeFazio alilijua hilo, ndiyo maana ukomo wake ulikuwa senti moja na nusu. Lakini kulijua si kulitatua, na nadhani ni tatizo hilohilo lililomsukuma aende kutafuta fedha mahali pengine.

Mahali penyewe ni Wall Street, na safari yake ya kufika huko ilipitia misimu miwili ya kusema hapana.

Septemba 2008 mabenki makubwa yalikuwa yanayumba, na Waziri wa Fedha aliliomba Bunge dola bilioni 700 za kuyanusuru. Wabunge waliambiwa wapige kura haraka, vinginevyo uchumi utaanguka. Tarehe 29 Baraza la Wawakilishi liliukataa muswada kwa kura 228 dhidi ya 205, na siku hiyohiyo kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kikaporomoka kwa pointi 777. Siku nne baadaye wengi waligeuza kura zao na muswada ukapita. DeFazio alipiga kura ya hapana mara zote mbili. Tena hakukataa mikono mitupu: yeye na wenzake wachache, wakiazima mawazo ya William Isaac, aliyewahi kuongoza shirika la serikali linalokinga amana za wateja wa benki, walileta muswada wao uliotaka mabenki yaimarishwe kwa kubadili kanuni na kwa dhamana, bila kuwabebesha walipakodi mzigo wa mali mbovu. Haukufika popote.

Msimu wa pili ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa safari hii aliyekuwa anamkatalia ni rais wa chama chake. Februari 2009 Barack Obama alileta mpango wa dola bilioni 787 wa kuufufua uchumi. Chama kizima kilimuunga mkono isipokuwa Wademokrati wachache; katika kura ya mwisho Barazani saba walikataa, na DeFazio alikuwa mmoja wao. Wengine wengi kati ya hao saba walikataa kwa sababu waliona fedha ni nyingi mno. Yeye alikataa kwa sababu fedha za barabara, reli na madaraja zilikuwa kidogo mno. Takribani theluthi nzima ya mpango ilikuwa punguzo la kodi. Mfanyakazi alirudishiwa hadi dola 400, lakini kwa vipande vidogo ndani ya mshahara wake, kiasi kwamba wengi hawakutambua kuwa wamepunguziwa kitu. Barabara na madaraja yalipata dola bilioni 27.5. Fikirini hesabu hiyo: nchi inaharisha ajira, mafundi ujenzi wako vijiweni, madaraja yana nyufa, na fedha zinamwagwa pale zisipoonekana.

Ilisimuliwa sana kwamba Obama alimwambia mbele ya wenzake wa chama kuwa hesabu ya kura inatunzwa. Naye DeFazio hakunywea. Alimlaumu hadharani mshauri mkuu wa uchumi wa rais, Larry Summers, kwamba anaichukia miundombinu, na mwishoni mwa mwaka 2009 akataka Summers pamoja na Waziri wa Fedha Timothy Geithner waondolewe. Mimi naona alizidisha ukali, na mbunge anayemvua nguo waziri wa serikali ya chama chake kwenye televisheni asishangae muswada wake ukikaa mezani. Ila hoja yake kuhusu punguzo la kodi ilikuwa sahihi, na miaka iliyofuata imeithibitisha.

Desemba 2009 ndipo alipoleta muswada uliompatia maadui wa kudumu. Ulitaka kila anayeuza au kununua hisa atozwe asilimia 0.25 ya thamani ya muamala, huku akiba za uzeeni na dola 100,000 za kwanza za mwaka zikiachwa. Mwaka 2011, pamoja na Seneta Tom Harkin wa Iowa, aliishusha hadi asilimia 0.03. Hiyo ni dola 3 kwa kila dola 10,000. Mstaafu anayenunua hisa leo na kuziacha miaka ishirini hangeihisi. Angeihisi yule ambaye kompyuta yake hununua na kuuza mara elfu kabla hujamaliza kupiga chafya, akitafuta faida ya sehemu ndogo ya senti kwa kila hisa. Mei 6, 2010 mashine za namna hiyo zilishiriki kuliangusha soko kwa takribani pointi 1,000 ndani ya dakika chache, kisha likainuka tena, na hakuna kiwanda hata kimoja kilichokuwa kimefungwa wala kufunguliwa kati ya kuanguka na kuinuka. Wataalamu wa Bunge walipopiga hesabu walisema asilimia 0.03 ingeleta kiasi cha dola bilioni 350 katika muda usiofika miaka kumi.

Kodi ya aina hiyo si uzushi. Marekani yenyewe ilikuwa nayo tangu 1914 hadi katikati ya miaka ya 1960. Wapinzani wake huitaja Sweden, na wana haki ya kuitaja. Mwaka 1984 Wasweden walianza kutoza hisa, mwaka 1986 wakaongeza kiwango maradufu, na wafanyabiashara wakahamishia biashara yao London. Mwaka 1991 kodi ikafutwa. Lakini jiulizeni: hao waliokimbilia London walikimbilia kwenye kodi! Uingereza hutoza asilimia 0.5 kwa anayenunua hisa za kampuni zake, na haijafilisika. Siri iko kwenye ndoano. Sweden ilimtoza dalali wa Sweden, basi mteja akatafuta dalali wa nje. Uingereza inatoza uhamisho wa umiliki wa hisa ya kampuni ya Uingereza, basi ununulie London, Dubai au Singapore, bila kulipa hisa haiandikwi jina lako. Mbunge anayeandika sheria ya kodi bila kuisoma habari hiyo afadhali abaki kufungua semina.

Uchaguzi wa 2010 matangazo ya televisheni ya kumshambulia DeFazio yalilijaza jimbo lake ghafla, yakilipiwa mamia ya maelfu ya dola na kikundi ambacho hakuna aliyekijua. Baadaye ilibainika kwamba mfadhili mkuu alikuwa Robert Mercer, kigogo wa Renaissance Technologies, kampuni ya uwekezaji iliyotajirika kwa biashara ya kompyuta ya kasi. DeFazio hakuwa na shaka kwamba chanzo ni ile kodi. Alishinda. Muswada wake haukupita, si mwaka ule wala wakati mwingine wowote alipourudisha.

Sasa turudi nyumbani, maana nasikia minong'ono huko nyuma. Ndiyo, na sisi tumewahi kutoza miamala. Julai 15, 2021 Tanzania ilianza kutoza kila anayetuma au kutoa fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, na tuliambiwa fedha zitajenga vituo vya afya na madarasa. Kelele zilikuwa kubwa. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa na kuondolewa mahali mahali. Kwa umbo la nje ni mdogo wake muswada wa DeFazio: kila fedha inapopita mlangoni, serikali inachukua chembe yake. Lakini pigeni hesabu. Shilingi 10,000 juu ya milioni 3 ni asilimia 0.33, mara zaidi ya kumi ya kile alichoomba DeFazio kwa walanguzi wa New York. Na nani alikuwa anapita mlangoni? Mama aliyetumiwa na mwanawe hela ya dawa, mkulima aliyelipwa mahindi yake, fundi anayenunua misumari. Hao hawafanyi biashara ya kasi. Fedha yao inapita mara moja au mbili, na kila ikipita ni kwa sababu kuna tumbo au paa linaloingoja.

Kenya nayo mwaka 2018 Waziri wa Fedha Henry Rotich alipendekeza asilimia 0.05 kwa fedha zinazohamishwa benki kuanzia shilingi 500,000, akaipa jina la Robin Hood, yule mwizi wa hadithi aliyewanyang'anya matajiri akawagawia maskini. Mabenki yalikwenda mahakamani, mahakama ikaisimamisha, na haikufufuka. Tozo ya mtuma fedha kwa simu ndiyo iliyodumu na kupanda, kutoka asilimia 10 ya ada mwaka 2013 hadi 15 mwaka 2023. Mwenye wakili aliponea, mwenye kadi ya simu akalipa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama naiunga mkono kodi ya miamala, namwambia anionyeshe kwanza mlango utakaowekwa.

Nimesema mengi juu ya alivyoshindwa. Aliposhinda hapavutii magazeti, nami ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote.

Tangu 1986 Marekani hutoza mizigo inayopita bandarini ili kulipia uchimbaji wa mchanga unaoziba njia za meli. Kiwango kilifikishwa asilimia 0.125 ya thamani ya mzigo. Jimbo la DeFazio lina bandari za pwani kama Coos Bay, ambako bahari hurudisha mchanga mlangoni kila msimu, na meli ya wavuvi ikikosea njia inapinduka. Fedha zilikusanywa kila mwaka. Kila mwaka Bunge liliidhinisha pungufu ya zilizokusanywa, na salio likabaki kwenye vitabu likiipunguzia nakisi ya serikali sura yake mbaya. Kufika 2020 salio hilo la kwenye makaratasi lilikuwa takribani dola bilioni 9, na bandari zilikuwa zinajaa mchanga. Mwenye meli alikwishalipa, ila mchanga haukuchimbwa.

DeFazio alilisema jambo hilo tangu miaka ya 1990, kwa wenyeviti wa vyama vyote viwili, kwa marais wanne. Wenzake walikuwa wakimwona anaanza kuzungumza habari ya mchanga wanatazama saa. Machi 2020, katika sheria kubwa ya msaada wa korona, kifungu chake kikaingizwa, na fedha za bandari zikaruhusiwa kutumika bandarini. Ilimchukua zaidi ya miongo miwili kupata kitu ambacho sheria ya kodi yenyewe ilikuwa imekiahidi. Nisisitize hapa kwa sababu nchi zetu zina mifuko ya namna hii mingi: wa barabara, wa reli, wa umeme vijijini, wa mazingira. Kazi ya mbunge si kuianzisha tu akapigiwa makofi. Ni kuuliza kila bajeti: kilikusanywa kiasi gani, kilitoka kiasi gani, na kilichobaki kinalala kwa nani. Swali hilo halina wimbo wala kanga.

Nikubali kwamba wachumi wengi hawaipendi mifuko iliyofungwa. Wanasema inamnyima waziri uhuru wa kupeleka fedha panapoungua, na kwamba hospitali haina pampu ya mafuta ya kuitoza. Wana hoja. Jibu langu ni kwamba uhuru huo wa waziri tumeuona ukitumika, na mara chache ulikwenda hospitalini.

DeFazio alipata uenyekiti wa kamati mwaka 2019, akiwa amekaa bungeni zaidi ya miaka 30. Julai 1, 2021 Baraza lilipitisha muswada wake mkubwa wa dola bilioni 715 za barabara, reli na maji kwa kura 221 dhidi ya 201. Kisha Seneti na Ikulu wakaandika wao mwingine, Seneti ikaukubali kwa kura 69 dhidi ya 30, na wa kwake ukawekwa kando. Alikasirika na hakuficha, hasa kwa kuwa muswada wa Seneti haukuweka masharti ya kutosha ya kuzilazimisha serikali za majimbo kukarabati barabara zilizopo kabla ya kupanua nyingine. Novemba 5, hata hivyo, aliupigia kura ya ndiyo, ukapita kwa 228 dhidi ya 206. Yule aliyemkatalia Bush mara mbili na Obama mara moja safari hii alimeza. Vijana wa siasa mliomo humu mnaweza kuubishania uamuzi huo usiku kucha. Mimi nadhani alikuwa sahihi, kwa sababu mwaka 2009 fedha za ujenzi zilikuwa sehemu ndogo ya mpango, na mwaka 2021 ndizo zilizokuwa mpango.

Desemba ya mwaka huo alitangaza kwamba hatagombea tena. Sheria ile ilitenga fedha za barabara hadi mwisho wa Septemba 2026, ikaagiza pia yafanyike majaribio ya nchi nzima ya kutoza magari kwa maili yanazokwenda, kwa kuwa gari la umeme halipiti kwenye pampu. Oregon, hapa tena, ilikuwa imetangulia. Ilianza kwa hiari mwaka 2015. Tozo ya mafuta aliiacha kwenye senti 18.4, na kwenye soko la hisa la New York bado hakuna anayelipa zile dola tatu.

Nipo tayari kwa maswali, na nawaomba wenye hoja ya gari la umeme waanze.